Ufa wa Nguzo ya Tatu

Naanza na nyundo. Nyundo ya baba, Mwewa Chabu,
mpini umelika pale gumba lake lilipokaa
na gumba langu, dogo, linacheza mle ndani.
Nagonga zege: ngwi. Ngwi. Ngwi. Hapo ni pazima.
Nasogea kiganja kimoja: bwu.
Hapo pana uwazi. Hapo chuma kimeshikwa na kutu,
na chuma chenye kutu hunenepa kama mtu anayekula kwa siri
mpaka shati limpasukie mbele za watu.

Juu yangu reli. Chini yangu mto Lubumbashi,
mwembamba mwezi huu wa kumi, rangi ya chai iliyosahauliwa,
na kina mama waliotoka Katuba wameanika mashuka juu ya mawe.

Baba alikuwepo siku za kulimimina.
Walikoroga usiku na mchana, taa za karabai pembeni,
maana zege halingoji mtu alale.
Wahandisi walipiga hesabu ya treni ya siku zile:
mabehewa kumi na manane, shaba, mahindi,
abiria na kuku wao.
Hawakuiota hii ya leo,
mabehewa arobaini na mawili, kobalti, asidi ndani ya matangi,
vichwa viwili vinavuta na kimoja kinasukuma kwa nyuma,
kila ekseli ina uzito wa nyumba yetu pamoja na deni lake.

Mzigo mmoja daraja hulimeza.
Linalolichosha ni kurudia:
kuinama unene wa ukucha, kunyooka,
kuinama, kunyooka,
kama goti la msukuma baiskeli ya makala barabara ya Kipushi,
miaka halisemi neno,
halafu asubuhi moja linakataa kushuka kitandani.

Watu husema usipoziba ufa.
Mimi siuzibi. Naupima.
Ufa uliopakwa chokaa huficha uso tu
na safari yake inaendelea.

Nguzo ya tatu, kimo cha kifua changu,
baba aligundisha kipande cha kioo, sawa na kiberiti,
plasta huku, plasta huku, ufa katikati.
Ufa ukitembea hata unene wa unywele, kioo kinapasuka.
Miaka kumi na mmoja nimekitazama kila Jumatatu.
Kizima.

Leo hakipo.
Sikusema kimevunjika. Hakipo.
Madonge mawili ya plasta yanatazamana kama fizi.

Mtoto mmoja, Kiwele, akakitoa mfukoni.
Humulika nacho jua kwenye mashuka ya kina mama.
"Kilitoka vipande viwili," akasema. "Kingine nilimpa dada."
"Vilikuwa viwili tayari, au ni wewe?"
Akafikiri kwelikweli, kichwa upande, kama mhandisi.
"Sijui."

Na mimi sijui.
Nikampigia shefu Tshalwe.
"Ushahidi uko wapi?"
"Ulikuwepo."
"Treni ya saa kumi na mbili haingoji kioo, Mwange."
Basi ipite mwendo wa mtu anayekwenda msibani, nikamwambia.
Nikasikia kalamu yake ikigonga meza, bwu, bwu.
"Leo tu."

Nimesimama na kitambaa chekundu.
Imekuja polepole, haijazoea,
na nguzo imetoa sauti niliyoisikia kwa meno.
Watoto walitembea sambamba nayo wakihesabu kwa kelele,
wakafika arobaini na mbili,
wakaendelea na arobaini na tatu bila behewa.

Nimegundisha kioo kipya kabla ya giza,
tarehe nimeichora kwa msumari kwenye plasta mbichi.
Kesho nitaanza kutojua upya, tangu sifuri.

Na upande wa pili wa nguzo, kimo cha mtoto,
mahali pasipo na ufa wowote,
nimegundisha kingine, kikubwa kidogo.
Hicho ni cha Kiwele.